Kishirani

Barua ya kwanza kutoka Osaka ilisema:
mbuzi wako ana huzuni mno.
Nikambadilisha macho.
Ya pili ikasema: sasa mbuzi ni mzima, ila hana siri.

Miaka miwili nimewachorea hivyo,
Mabela, chumba cha nyuma, kiyoyozi kikikohoa,
mlango nimeutia kitasa ili mama asiulize
binti wa miaka thelathini na moja
anachora nini saa nane za usiku.
Kwao ni saa moja asubuhi.
Bi Kuramoto ameshapanda ngazi
(lifti yao ina tabia zake)
hadi vyumba viwili juu ya duka la cherehani,
ambamo watu kumi na mmoja wanatengeneza
mchezo wa video usiokwisha
na karata za watoto kubadilishana,
ndogo, ngumu, zinazometa kama ubavu wa nguru.

Kisha wakaomba kiumbe wa jangwani.
Jina lake, wakasema, liwe la kwenu.

Kwetu.
Nilikaa na neno hilo mpaka chai ikafanya ngozi.
Kiarabu ndicho cha shule na cha fomu za serikali,
lakini lugha ya kuvunjia kikombe,
ya kugutukia, ya kutafutia funguo,
ni ile mama anayoipunguza sauti tukiwa dukani,
tangu wenzangu wa darasa la tatu
waliponiigiza, njia nzima, ndani ya basi la shule.

Nikamkumbuka bibi, Bi Shinuna,
gari limetuzimikia mzunguko wa Burji Sahwa,
samaki wanachacha kwenye buti,
naye, tasbihi mkononi, akisema kwa upole:
"Leo tumeamka na kisirani."

Basi nikamchora.
Kimo cha paka. Nyayo zimeelekea nyuma.
Masikio ya sufuria.
Amekumbatia kandambili moja, ya kushoto.
Nguvu zake: ukikutana naye unakosa zamu;
na aliyemtuma naye anakosa.

Bi Kuramoto akauliza maana.
Niliandika aya tatu, nikazifuta.
Nikaandika: ni siku ambayo chai inamwagika
kabla jua halijachomoza, na unajua bado.
Akajibu: Tunamjua. Anaishi kwenye lifti yetu.

Miezi minane.
Duka la Shaji, Al-Khoudh, kati ya dobi na fundi simu,
watoto wamechuchumaa sakafuni:
ndugu wawili wa Kibaluchi,
mtoto wa mfamasia wa Kimisri,
na Muhannad, mwenye waya kwenye meno,
anapiga karata chini: "Kishirani!"
Nikamwambia taratibu, ni kisirani.
Akanitazama kwa huruma.
"Khala, wewe hujui. Hicho ni Kijapani."

Nilinunua pakiti saba ndipo nikampata.

Bibi haoni tena. Aliipapasa karata, akainusa,
akauliza: "Shupaza au uru?"
Si shupaza wala uru, bibi. Ni kisirani.
Akacheka mpaka meno ya bandia yakamlegea,
akaichomeka katikati ya karata zake kuukuu.

Usiku ule kiyoyozi kikakata roho.
Tukafungua madirisha yote, hata ya upande wa majirani,
tukacheza wahedi wasitini,
bibi akituhesabia kwa vidole.
Mama alikuwa anaongoza. Akavuta.
Akaitazama, akaigeuza, akaibwaga mkekani,
na kwa sauti ambayo sijapata kuisikia ikitoka kwake:
"Nani kaniletea kisirani hiki ndani ya nyumba yangu?"

Ng'ambo ya ukuta mtu akazima televisheni.

"Umekosa zamu," bibi akasema.

Nami nikakumbuka sijamjibu Bi Kuramoto.
Anamtaka mbuzi tena,
safari hii na huzuni yake.